Mikono ya Kuazima

Katika mji ule, jana ilikuwa na tabia ya kurudi. Watu walizika asubuhi, na alasiri wakamkuta marehemu barazani anachambua mchele, hana habari kwamba kazikwa, wakampa salamu kwa adabu na kupita. Kulikuwa na mvua zilizonyesha kuanzia chini. Kulikuwa na msimu wa sikukuu uliokuja mara mbili mfululizo, kisha ukasusa kwa miaka. Yote hayo wenyeji waliyazoea, maana binadamu huzoea hata jivu la nyumba yake. Kitu kimoja tu hawakukizoea, nacho ni Nyati aliyegaagaa katika tope la uwanja wa katikati, akila majina.

Aliyala hivi. Alikuita kwa sauti ya mtu umpendaye, nawe, kwa malezi mema uliyolelewa, ukaitika: mwanamume "Naam!", mwanamke "Abee!" Basi. Jina lako lilikutoka pamoja na ule mwitiko, likaingia kinywani mwake, na hapakuwa na wa kulikumbuka tena, si wewe wala aliyekuzaa. Mwili ulibaki. Ulikula ukilishwa, ukalala ukilazwa. Lakini mwenyewe alikuwa kaondoka, kama nyumba iliyohamwa taa ikaachwa inawaka.

Hemlata, mfinyanzi wa sanamu, alizijua habari hizo kama kila mtu alivyozijua, yaani kama msiba wa jirani. Kazi yake yeye ilikuwa Mama. Kila sikukuu ilipokaribia alifunga kiunzi cha mianzi na mabua, akakikandika udongo, na polepole akamtoa humo Durga, mungu mke wanayemwita Mama: mikono kumi, simba wa kumpanda, na chini ya nyayo zake yule shetani mwenye mwili wa nyati aliyewashinda miungu wote. Wahindu wa mji ule walikuja kutazama, na wasio Wahindu pia. Wengi walitazama silaha. Hemlata alipenda watazame uso.

"Ukiukosea uso," alimwambia binti yake wa pekee siku moja wakifinyanga pamoja, "umefinyanga askari tu. Tazama. Mkono huu unachoma mkuki, ule unavuta upinde, lakini shavu limetulia kama la mama anayenyonyesha. Fumbo lote liko hapo."

"Anawezaje kuua bila kukasirika?" binti akauliza.

Nusu ya maisha yake Hemlata alikuwa akiufinyanga uso ule kwa vidole vilivyojua na moyo usiojua. Akasema, "Nenda kalete udongo," kama wazazi wasemavyo wanapozidiwa.

Udongo wenyewe haukuwa wa kuokota popote. Desturi ilitaka sanamu ya Durga itiwe konzi ya udongo kutoka kizingiti cha nyumba ya kahaba. Wenye kutoa sababu walisema kila mwanamume aingiaye pale huuvua wema wake mlangoni akauacha, kwa hiyo udongo ule umelewa wema wa mji mzima. Hemlata alikuwa na sababu yake, ambayo hakumwambia mtu: aliamini Mama hakubali kuzaliwa mpaka mji uiname mbele ya yule unayemdharau. Aliamini hivyo, na bado aliona haya kwenda mwenyewe. Akamtuma mtoto.

Binti alikuwa njiani, bakuli mkononi, aliposikia sauti ya mama yake ikimwita kutoka upande wa uwanja.

"Abee, mama!"

Walimrudisha wakimshika kiwiko. Akakaa pale alipokalishwa. Hemlata alifungua kinywa amwite, na kinywa kikabaki wazi. Alilitafuta jina chini ya ulimi. Alilitafuta katika siku aliyomzaa: akamwona mkunga, akasikia mvua, akajiona mwenyewe anainamia sikio dogo kulinong'oneza jina kwa mara ya kwanza, na midomo yake inacheza bila sauti.

"Pole sana, Mama..." jirani alianza, kisha akasita. "Pole, Mama..."

Katika mji ule mwanamke akishazaa huitwa kwa mtoto wake. Hivyo Nyati alikuwa amemeza wawili kwa mwitiko mmoja.

*

Jina ni nini? Ni pumzi. Ni pumzi iliyopewa umbo, kama udongo. Mbona basi pumzi hii ikiondoka mfupa unalegea? Mimi nilimpa mwili miezi tisa, na mwili ule huu hapa, ninaushika, una joto. Kumbe mwili haukuwa zawadi kubwa. Zawadi kubwa ilikuwa ile niliyomnong'oneza. Na kama jina la mtu linakaa vinywani mwa wengine, basi hakuna mtu anayekaa ndani yake peke yake. Tunakaana. Nyati analijua hilo. Nyati ni mwanafalsafa. Sisi tumekaa tunachambua mchele.

Hivyo ndivyo alivyowaza Hemlata mpaka jua likachomoza kutoka upande usio wake. Halafu akajifunga sari kiunoni, akatoka, akaenda mwenyewe kwenye ile nyumba aliyoionea haya.

"Hodi."

"Karibu, kama hukukosea mlango."

"Sikukosea, dada. Nimekuja kuomba udongo."

Kibibi, mwenye nyumba, alikuwa mwanamke wa makamo, kanga kifuani, anatafuna karafuu. Alimtazama mgeni wake kutoka utosini hadi unyayoni bila haraka.

"Kila mwaka mnatuma watoto," alisema. "Mnachota mlangoni mwangu mkamfanyie Mama yenu mwili, naye akishakamilika mimi sisogezwi hata karibu. Leo umekuja wewe. Kuna nini?"

Hemlata akamweleza. Kibibi akaacha kutafuna.

"Na wanaume wa mji huu? Nawajua wote, usinidanganye."

"Wamekwenda. Kila mmoja kwa siku yake na kwa hasira yake. Silaha zinateleza juu ya Nyati kama maji kwenye jani la mgomba. Alipewa ahadi na mbingu kwamba hakuna mwanamume atakayemwua. Walipomuuliza, je, na mwanamke? Akacheka."

"Alicheka mahali pabaya huyo." Kibibi akatema karafuu. "Udongo chukua, dada. Lakini sanamu haitembei. Nani anakwenda?"

Hemlata aliitazama mikono yake, ya mwanamke mfupi, kucha zimejaa udongo.

"Mimi," akasema, na sauti yake mwenyewe ikamshangaza.

"Kwa mikono hiyo miwili?"

"Nitaazima mingine."

*

Alianza kwa Mshana, mhunzi, ambaye moto wa kiwanda chake ulikuwa umezimwa tangu aliporudi uwanjani na aibu. Mkuki wake wa ncha tatu ulikuwa umeegemezwa ukutani.

"Niazime, kaka Mshana."

"Chukua, mama. Mimi haunifai kitu tena. Nilimchoma kwa nguvu zangu zote, ukanirudia kama fimbo ya mlevi."

Hemlata alipoushika mkuki, mkono wa Mshana ulikuja nao. Haukukatika; ulivuka, bila damu wala kilio, kama mtu avuavyo koti na kumvika mwenzake. Bega la mhunzi likabaki laini kama jiwe la mtoni, na chini ya bega la Hemlata mkono mnene wenye makovu ya cheche ukakunja ngumi. Wakatazamana.

"Unauma?" Mshana akauliza.

"Mzito."

"Huo ndio uzito wake," akasema, na katika uso wake palipita kitu kilichofanana na nafuu.

Habari ikamtangulia mitaani. Mwindaji alimpa upinde, na mkono wenye kuuvuta. Haripada, kuhani wa hekalu, mzee aliyemfundisha Hemlata sala akiwa mtoto, alimpa kome kubwa la kupuliza, lile ambalo sauti yake, walisema, ni sauti ya kwanza iliyosikika kabla dunia haijapata masikio.

"Hivi ndivyo ilivyokuwa, mwanangu," Haripada alimwambia, machozi yakimchuruzika ndevuni. "Miungu walikasirika kila mmoja peke yake, hasira zao zisifae kitu. Siku hasira hizo zilipotoka vifuani mwao kama miali na kukutana mahali pamoja, zikawa mwanamke. Kila mmoja akampa alichonacho. Ndiyo maana ana silaha nyingi: hakuna hata moja aliyozaliwa nayo."

"Baba, hadithi hiyo nimeisikia tangu utotoni," alijibu Hemlata. "Sikujua kwamba inauma mabegani."

Wengine wakampa upanga, rungu, kamba, ngao, kila mmoja na mkono wake. Mtunza bwawa la hekalu, asiye na silaha yoyote maishani mwake, alimpa yungiyungi kwenye bua lake, akaomba radhi kwamba halijachanua lote.

"Afadhali," alisema Hemlata. "Lililochanua lote huanza kunyauka."

Mikono minane ya kuazima, na miwili yake. Wa kulia wa kwake akaushikisha yungiyungi, mkono wa mtunza bwawa ukashika upinde ili wa mwindaji uuvute. Wa kushoto wa kwake akauacha mtupu, kiganja kimewaelekea watu, kama alivyoufinyanga miaka yote bila kuuliza. Sasa aliuelewa. Mikono mingine yote ilikuwa ya kumwambia adui. Huu ulikuwa wa kuwaambia watoto: msiogope.

Kibibi alikuwa anamngoja njia panda.

"Mimi sina silaha ya kukupa," alisema. "Na mkono wangu sikupi, ninauhitaji. Lakini hutafika kule kwa miguu yako. Mikono yote hiyo itakuangusha. Nitakwenda nawe."

"Hujaombwa, dada."

"Ndiyo maana nakwenda."

Wakafuatana. Jua lilikuwa utosini na lilikaa pale pale muda wote, maana saa za mji ule nazo zilikuwa zimesimama kutazama. Kadiri walivyotembea, mwendo wa Kibibi ulibadilika. Mabega yalishuka, shingo ikanenepa, kanga yake yenye rangi ya haradali ikamnata mwilini ikawa manyoya. Hemlata hakushtuka. Miaka yote alipomfinyanga simba alijiuliza kwa nini Mama, mwenye silaha zote, anahitaji mnyama. Sasa alijua kwamba silaha hukubeba mpaka mlangoni tu. Kinachokuingiza ndani ni ile hamaki ya mwilini, ya aliyedharauliwa, ambayo haikuombwa ruhusa na haina cha kupoteza. Akapanda. Simba alinuka karafuu.

*

Nyati alikuwa mzuri. Hilo lazima lisemwe. Tope liling'aa juu ya ubavu wake kama mafuta, na pembe zake zilizunguka kama mlango wa msikiti wa kale. Watu walisimama pembeni mwa uwanja, na mbele yao wale waliomezwa, wametulia, hawana habari. Binti alikuwa miongoni mwao. Jirani alikuwa amemleta, hakujua kwa nini.

Hemlata akapuliza kome. Sauti ilipita katika mifupa ya watu, na wengi waliona aibu ghafla, kama aliyeamshwa mchana.

Nyati akaja. Upinde ukamkuta njiani, akageuka simba dume. Simba na simba wakaparamiana mpaka vumbi likaficha jua. Kamba ikamkamata shingo, akageuka mtu mwenye upanga. Upanga ukakutana na upanga, akageuka tembo, akamvuta Kibibi mguu kwa mkonga. Mkonga ukakatwa, akarudi kuwa nyati. Kila alichopigwa, alikuwa amekwisha kukiacha. Hemlata akaona kwamba asingeweza kukiua kitu ambacho hakikai mahali pamoja kikawa kitu. Uovu wenye uso mmoja una kaburi. Huu ulikuwa na kabati la nyuso.

Mikono ya kuazima ikaanza kukasirika. Kila mmoja ulikumbuka kushindwa kwa mwenye mkono. Wa Mshana ulitaka kuchoma mara moja, hovyo, kama ulivyochoma zamani. Hemlata akausihi moyoni: tulia, mwanangu, tulia.

Ndipo Nyati alipoacha kupigana akaita. Aliita kwa sauti ya binti yake, yenye mkwaruzo kidogo wa asubuhi:

"Mama!"

Kila mwanamke pale alijua kwamba hiyo ndiyo sauti ambayo mwili huiitikia kabla ya akili. Hemlata angeweza kunyamaza. Kila kilichokuwa na busara ndani yake kilimwambia anyamaze.

"Abee, mwanangu," akasema.

Akaitika kwa hiari yake, macho yakimtazama Nyati. Kilichomtoka kikaingia kinywani mwa Nyati, na Nyati akameza, na hakikushuka. Halikuwa jina la mtu mmoja. Neno lile, Mama, kila kinywa pale uwanjani kilikuwa kimelisema kabla ya neno jingine lolote, na Nyati mwenyewe, ili aliite, ilimbidi kwanza awe mtoto. Likamkwama kooni. Akatapatapa. Akataka kubadilika, akashindwa kumaliza: shingo ya nyati ikapasuka, na kutoka humo akatokeza mtu hadi kifuani, nusu ndani, nusu nje, uso wa mwanamume aliyechoka.

Mguu wa Hemlata ulikuwa tayari juu ya shingo. Mkuki ulikuwa tayari.

"Nami waliniazima," mtu yule akasema kwa sauti ndogo, ya kwake sasa. "Zamani. Palikuwa na njaa, na mji ukanipa kila mmoja alichonacho niwaokoe. Niliwaokoa. Kisha wakasema, kaa navyo, tunakuamini. Nikakaa navyo."

"Na majina?"

"Mikono ilipokwisha, ndiyo yaliyobaki ya kupewa."

Hemlata alimwinamia. Wale waliokuwa karibu walisimulia baadaye kwamba walingoja kuona ghadhabu, wakaona uso ule. Walikuwa wameuona kila mwaka katika udongo, wakadhani ni ustadi wa fundi. Sasa ulikuwa wa nyama, una jasho, na ulikuwa vilevile: uso wa mama anayemtoa mtoto mwiba. Mtoto analia, mwiba lazima utoke, mkono hautetemeki na jicho halichukii. Hemlata mwenyewe, katika ncha ile ya wakati, alipata jibu la swali la binti yake, ambalo hakuwa amelitafuta. Hasira ni ya mtu anayedhani atashindwa.

"Lala, mwanangu," akasema, akasukuma mkuki.

Majina yakatoka. Yalitoka kama kumbikumbi baada ya mvua, kwanza moja moja, kisha wingu zima, yakiangaza, yakitafuta vinywa. Uwanja ukajaa watu wanaoitana. Wengine waliangua kilio, wengine walicheka kwa kusikia tu sauti ya jina lao, kama wamelipata sasa hivi na bado lina joto. Hemlata alisimama katikati, damu kifuani, akiogopa kugeuka.

"Mama, umeumia?"

Akageuka. Jina lilikuwa limekwisha kufika mdomoni.

"Shefali," akasema. "Shefali. Shefali."

"Abee, mama. Nimesikia. Umeumia?"

*

Hapa ingefaa hadithi iishe, na wengi huimalizia hapa. Lakini mtu yule alisema neno alipokuwa anakufa, kwamba alikaa navyo, na Hemlata alilisikia.

Watu walikuwa wamemzunguka. Walimwita Mama Shefali, kisha wakamwita Mama tu, kisha wakaanza kupiga magoti. Tope la uwanja lilikuwa limekauka likawa kama jukwaa, na mtu mmoja akaleta kiti. Hemlata alihisi mikono yote kumi, nguvu yake, jinsi ilivyo tamu. Angeweza kuinua paa. Angeweza kumlinda Shefali mpaka mwisho wa siku, kama siku zina mwisho. Alikitazama kiti muda mrefu kuliko alivyotaka mtu yeyote ajue.

Kisha akamwendea Haripada. "Baba, pokea."

Mzee akapokea, mkono ukavuka ukarudi begani pake, akalia. Mwindaji akapokea. Mtunza bwawa akapokea kwa kicheko, akakuna kichwa kwa mkono uliorejea. Kila mmoja ulipotoka, Hemlata alipungua kidogo, na watu waliona ajabu kwamba kila alivyopungua ndivyo walivyoweza kumtazama usoni. Kibibi alikuwa amekaa chini, mwanamke tena, anafunga mguu wake uliojeruhiwa kwa upindo wa kanga. Kwake Hemlata hakuwa na cha kurudisha. Aliinama tu, akamgusa nyayo, mbele ya mji wote, kama Wahindu wagusavyo wazee wao. Kibibi akatazama pembeni.

"Inuka, dada," akasema. "Watu wanaona."

"Waone."

Ukabaki mkono mmoja wa kuazima. Mshana alikuwa amejirudisha nyuma ya umati.

"Kaa nao, Mama Shefali," alisema alipofikiwa. "Wewe umeujulia. Mimi ulinichosha. Tangu uondoke nimelala usingizi."

"Pokea, kaka Mshana."

"Wenzangu, mwambieni! Si bora awe nao yeye?" Na kweli, sauti kadhaa zikaitikia kwamba ni bora, tena baadhi ya waliokwisha kupokea ya kwao wakaanza kuitazama kama mzigo. "Na akija Nyati mwingine, mama? Tutafanyaje?"

Hemlata alikuwa amechoka kuliko alivyowahi kuchoka. Alimshika mhunzi bega lile laini, akalisogeza karibu na lake.

"Ndiyo maana nakuambia upokee."

Mshana akatazama kiti, akatazama ardhi alipolala mtu yule. Akatoa bega. Mkono ukavuka ukamrudia, naye akakunja ngumi, akaikunjua, akaikunja tena. Ulikuwa mzito kuliko alivyoukumbuka.